Kikaratasi cha Penseli

Ukumbi wa vifurushi ulikuwa umefurika asubuhi ile mpaka mlangoni. Watu bega kwa bega, kila mmoja na namba yake mkononi, na sauti ya karani wa dirisha la tatu ikipasua kelele kama kengele ya shule. Fundi miwani alikuwa ameegemea nguzo, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni kwa uzi mweusi. Alikuwa amefuata lenzi zake. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu, gauni la rangi ya limau lililoiva, viatu vya kamba, na penseli imechomekwa kwenye nywele kana kwamba alizaliwa nayo.

Karani aliita namba mbili kwa mpigo, akasukuma visanduku viwili vya ukubwa mmoja, vyote vimeandikwa kwamba ndani kuna vitu vya kuvunjika. Kila mtu akachukua kilicho karibu naye, akaenda zake.

Dukani, fundi alifungua chake mbele ya shangazi yake, ambaye ndiye aliyepokea wateja na kuwapanga. Juu ya pamba walikuta vichupa kumi na kimoja. Ndani ya kila kichupa mlikuwa na gamba dogo la baharini, jembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, umbo la upepeo, angavu kiasi kwamba ukiliweka juu ya gazeti unasoma habari. Juu yake limechorwa mistari myembamba inayokatana kama wavu. Fundi alivaa kioo chake jichoni, akasahau kupumua.

"Kiwanda kimetuletea miwani ya panya," alisema shangazi.

Simu ya duka ikalia kabla hajajibu.

"Wewe ndiye uliyechukua wanangu?" iliuliza sauti ya mwanamke. "Mimi hapa nina lenzi ishirini na mbili na namba ya duka lako, na kombe zangu, hayo magamba ya baharini, sizioni. Nakuomba, usitoe kitu kwenye kichupa. Usipulize. Usipige chafya."

"Nimeshapiga chafya, dada. Lakini niligeukia ukutani."

Upande wa pili kikasikika kicheko. Kicheko chenyewe kilianza chini, kikapanda ngazi polepole kama mtu aliyebeba mzigo. Fundi alikishika kile kicheko, hakukiachia tena.

Alimpelekea kisanduku mwenyewe jioni ileile, mpaka jumba la makumbusho, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho. Akaonyeshwa makabati ya mbao yaliyopanda hadi darini, droo juu ya droo, na ndani ya kila droo kombe zimelala kwenye pamba kama watoto wa chekechea saa ya kulala. Mwanamke yule kazi yake ilikuwa kuzichambua: hii ni ya ukoo gani, ile ni binamu ya nani, huyu anajifanya ndugu na wala si ndugu. Alimweleza bila haraka. Kila kombe ina magamba mawili, la kulia na la kushoto, yameungana mgongoni kwa bawaba. Pembeni mwa bawaba kuna masikio mawili, na chini ya sikio moja la gamba la kulia huwa kuna pengo dogo. Ukiliona hilo pengo umejua upande. Hizi za vilindini, alisema, zinaishi mahali ambapo jua halijawahi kufika. Hazihitaji unene wala rangi. Ndiyo maana ni kama kioo.

"Kumbe tunafanya kazi moja," alisema fundi.

"Tofauti yetu wewe wateja wako wanalalamika."

Basi kuanzia hapo yakawa ni mazoea. Mwanamke akamwita Bwana Miwani, naye fundi akamwita Bibi Kombe. Mchana akipata nafasi alimpigia simu kumuuliza wanawe wameamkaje, naye akamjibu kwamba mmoja amekataa uji. Shangazi akawa anahesabu kwa sauti mara ambazo mpwa wake anachana nywele kwa siku. Fundi mwenyewe alikuwa na uwezo wa kukaa saa nzima kwenye kiti cha pembeni akitazama vile vidole vinavyobana gamba kwa kibano laini, vikaligeuza, vikalirudisha, bila hata punje moja kumeguka. Alikuwa amewaona mafundi wengi maishani. Mikono kama ile hakuwahi kuiona.

Kitu kimoja alifundishwa tangu siku ya kwanza, na alikishika. Kila kombe ina kikaratasi chake: imepatikana wapi, kina gani, tarehe gani, nani aliyeiokota. Huandikwa kwa penseli, maana vikaratasi vingine huzamishwa kwenye spiriti pamoja na mnyama aishiye ndani ya kombe, na wino ukikutana na spiriti huondoka wote. "Kombe bila kikaratasi," Bibi Kombe alimwambia, "ni takataka tu. Hata iwe nzuri vipi."

Mwezi wa saba tangu wajuane fundi alimwomba waoane. Bibi Kombe alimkubali, ila kwa sharti. Miaka sita alikuwa akifuatilia aina mbili za kombe ambazo hakuna aliyewahi kuzipa jina. Moja ni ile yenye wavu, ambayo siku ile ya kisanduku ilikuwa ikirudi kwake baada ya kuazimwa. Nyingine ni laini kabisa, haina mstari, iliyokuwa kwenye droo yake kutoka safari nyingine ya meli ya utafiti, kwenye kina kikubwa zaidi. Zote zilifika zimekatika masikio, magamba matupu, hivyo upande hakuweza kuujua. Baada ya wiki nne angesimama mbele ya baraza la wakubwa wa jumba na kutoa majina yake mawili. Baraza likiridhika, angeachana na kazi ya mkataba, apewe kazi ya kudumu. Siku hiyo ndiyo angempigia baba yake.

"Baba anataka niende kwake na kitu kilichokamilika," alisema. "Ngoja niwape hawa mabinti wangu majina, ndipo na mimi nibadilishe la kwangu."

Fundi akasema atangoja, hata wawe mabinti kumi.

Ilivyoharibika, iliharibika kwa wema. Fundi alikuwa amemtengenezea lenzi mpya ya hadubini yake, akaja kuifunga. Bibi Kombe akaitwa kikaoni, akamwachia chumba, droo iko wazi, vichupa viko mezani. Fundi akamaliza kazi, akajaribu lenzi kwa gamba moja la wavu, kisha kwa moja laini. Jicho lake likagoma kuondoka.

Mtu aliyekata lenzi miaka kumi na minne anajua ukingo. Ukimpa vioo viwili vilivyokatwa kwa fremu moja atakwambia ni jozi, hata kimoja kiwe cheusi na kingine cheupe. Na haya magamba mawili yalikuwa ya fremu moja. Lile laini lilikuwa dogo kidogo kuliko mwenzake, ukingo wake mwembamba umelala ndani ya lile la wavu kama kifuniko kwenye kopo. Alijaribu lingine, likakubali. Akachukua trei yake ya lenzi, ile yenye vijumba, akaanza kuyapanga jozi jozi kwa kibano, ameshika pumzi. Jozi saba zikakaa. Magamba mengine hayakupata mwenzake, akayaacha.

Alifurahi jamani. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemwokotea mpenzi wake hereni iliyopotea. Mlango ulipofunguka na Bibi Kombe akaingia akiwa na mkuu wake wa idara, mzee wa suti ya kijivu asiyecheka ovyo, fundi hakungoja hata salamu.

"Mkuu, tazama. Haya magamba yanaoana."

Mkuu aliinama juu ya trei. Alitazama kwa muda mrefu, akainua nyusi, akatoka.

Bibi Kombe alikuwa amekodoa macho kwenye vichupa vitupu.

"Umeyatoa," alisema taratibu. "Vikaratasi viko wapi?"

"Mpenzi, viko..."

"Usiniambie mpenzi. Miaka sita najua kila moja limetoka wapi, wewe saa moja umeyachanganya kama maharage. Tena mbele ya mkuu. Ulitaka nini, nionekane sijui kazi?"

Alijaribu kueleza, hakupewa nafasi. Penseli ilikuwa imetoka kwenye nywele, imeshikwa ngumini kama kisu. Bibi Kombe alimwomba aondoke, tena kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyomkata. Fundi akafunga mkoba wake, akaiacha trei pale mezani, akashuka ngazi.

Wiki zikapita. Simu alipiga, haikupokelewa. Alituma ujumbe mmoja tu: tafadhali inua gamba. Haukujibiwa. Akawa anakata lenzi za watu na kuzirudia, mzee mmoja akarudisha miwani akisema ngazi za kwake zimeongezeka. Shangazi hakumsema sana. Alimwekea chai, akaisogeza, akamwambia tu, "Hiyo simu ukiendelea kuitazama hivyo, itaota macho na yenyewe ikutazame." Siku ya baraza ilipofika fundi alivaa shati lake jeupe, ingawa hakualikwa popote, akakaa dukani siku nzima kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Hakuna aliyempigia.

Siku nane baadaye, saa nne asubuhi, benchi la wateja limejaa, mlango ukasukumwa. Gauni lile lile la limau. Penseli iko mahali pake.

"Shikamoo shangazi. Nimekuja kupimwa macho."

"Marahaba mwanangu. Una tatizo gani?"

"Kuna kitu kilikuwa mbele yangu miaka sita, sikukiona."

Shangazi hakumwomba apange foleni. Wateja wakaanza kunung'unika. Akawaambia huyu ni mgonjwa wa dharura, na watulie.

Fundi alimkalisha kwenye kiti, akamvisha ile fremu nzito ya kupimia, akaweka lenzi. 

"Hivi, au hivi. Ipi ina nafuu?"

"Ya kwanza. Niliinua gamba kesho yake."

"Na sasa?"

"Sawa tu. Kikaratasi kilikuwa chini yake. Cha kushoto chini ya la kushoto, cha kulia chini ya la kulia. Yote kumi na manne. Hukukosea hata kimoja." Akaisogeza fremu puani. "Wanafunzi niliowafundisha mwaka mzima hawawezi hivyo."

"Nilifundishwa na mtu anayejua," alisema fundi, akabadilisha lenzi. "Soma mstari wa chini."

Hakusoma. Aliendelea kusimulia, macho yamekuzwa na vioo kama ya samaki. Alijifungia siku kumi akipima kingo, akihesabu mistari ya kukua, akitafuta pale bawaba ilipokatika. Hata yale yasiyopata mwenzake, kila laini lilikuwa la kulia, kila la wavu lilikuwa la kushoto. Mnyama akifa, gamba laini, kwa wepesi wake, hubebwa na mkondo mpaka chini zaidi. Ndiyo maana meli iliyachota mahali pawili. Mabinti wawili walikuwa mmoja. Kisha akasimama mbele ya baraza akasema mwenyewe, kwa mdomo wake: sina majina mawili, ninalo moja, na nilikosea. Mjumbe mmoja akacheka. Kazi ya kudumu wakaiahirisha mwaka mzima, mpaka apatikane mnyama mzima wa kuthibitisha.

Fundi alikuwa ameacha kubadilisha lenzi. Alimtazama tu. Alikuwa amempenda kwa vidole vyake, kwa kicheko chake. Sasa aliona kumbe alikuwa bado hajamjua. Ni wangapi wanaoweza kuivunja miaka sita ya kazi yao mbele za watu, kwa sababu tu ndiyo kweli?

"Mbona hukupiga simu?" aliuliza.

"Aibu kama ile ningeisemaje kwa simu? Nilitaka nije na kitu mkononi." Akafungua mkoba, akatoa kichupa cha spiriti kilichofungwa kwa kitambaa. "Meli imetia nanga jana."

Fundi alikinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akavaa kioo chake. Ndani alikuwemo mnyama mzima, amefumba, masikio yote mawili yapo. Juu wavu. Chini laini kama maji. Magamba yameshikana kiasi kwamba huoni pa kupitisha unywele.

"Mkuu amemwona," alisema Bibi Kombe. "Amesema hatangoja mwaka, anarudi barazani wiki ijayo kuniombea kazi ya kudumu. Akaniuliza yule bwana wa trei yuko wapi. Nikamwambia nilimfukuza. Akasema, basi katika makosa yako mawili umebakiza moja la kurekebisha."

Fundi aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa kikaratasi kidogo kilichokunjwa, kimelainika kwa kubebwa wiki tano, akampa. Kilikuwa kimeandikwa kwa penseli, kwa mpangilio uleule wa kwenye droo.

*Kimepatikana: ukumbi wa vifurushi, dirisha la tatu. Kina: hakijulikani, bado kinazama. Tarehe: siku ya visanduku viwili. Aliyekiokota: mwanamke wa gauni la limau. Jina:*

"Hapa kwenye jina pako wazi," alisema Bibi Kombe. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Mimi ni fundi tu. Kutoa majina ni kazi ya mchambuzi."

Alivua ile fremu nzito. Akachomoa penseli kwenye nywele, zikamwangukia begani, akaweka kikaratasi juu ya goti na kuandika polepole, kama anavyoandika vile ambavyo vitasomwa na watu ambao hawajazaliwa. Akamgeuzia.

*Mume wangu.*

"Penseli inafutika," fundi alimtania, ingawa macho yalishaanza kumwasha.

"Kwako. Kwangu mimi wino ndio unaoondoka."

Kutoka mbele, nyuma ya pazia, shangazi alikohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua. Akauliza kama mgonjwa ana hali gani, maana benchi zima limeacha kusoma magazeti.

"Anaona, shangazi," alijibu Bibi Kombe, huku akitafuta namba ya baba yake kwenye simu. "Sasa anaona."