Ukurasa Huu Ni wa Nyumba ya Nani?

Kila asubuhi Jovitha alipiga magoti kando ya kitanda, akasali, kisha akatoka kwenda kutazama mibuni. Kibanja chake kilikuwa Kaisho, migomba na mibuni imechanganyika, kama ilivyo desturi ya huko. Mibuni hiyo ilipandwa na marehemu mume wake, Protase. Yeye mwenyewe alizikwa humo humo, upande wa juu.

Mwaka 1999 ugonjwa uliingia upande wa chini. Majani yaligeuka manjano, yakapukutika. Mti ulikauka ukiwa umesimama, buni nyeusi zimeng'ang'ania matawini.

Rwegasira, mdogo wake Protase, alikuja na panga. Alisema mti mkavu ni kuni, si wa kuachwa. Akakata mmoja, akauburuta katikati ya kibanja hadi jikoni. "Shemeji, kaka yangu bado anakupikia," alisema, wakacheka kidogo. Baadaye miti ya kando ya njia ile ikaanza kunyauka. Ugonjwa ulikuwa unapanda kuelekea kaburini, na Jovitha hakuwa na zao jingine la kuuza.

Jovitha alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni kanisani. Huko alisikia kwamba ofisi moja ya wakulima mjini Kayanga ina kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu, na kwamba kwa kompyuta hiyo mtu anasoma maarifa ya nchi za mbali. Akapanda lori la ndizi, akaenda.

Alimkuta binti mmoja, Anonciata, mtumishi wa ofisi. Anonciata alimweleza kuwa ndani ya kompyuta kuna programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Ndiyo hiyo ambayo siku hizi tunaiita kivinjari. Akamwonyesha kisanduku cheupe chembamba kule juu, na namna ya kubonyeza herufi. Kabla hajamaliza, akaitwa nje.

Jovitha alisali kimya. Kwao mtu haombi kitu kabla ya kusalimu. Afanyaye hivyo hana malezi. Basi, kwa kidole kimoja, akaandika katika kile kisanduku: *Bwana asifiwe. Shikamooni wote mlioko huko. Mimi ni Jovitha wa Kaisho. Hamjambo na familia?* Kisha akabonyeza kitufe kikubwa cha pembeni. Kompyuta ilikaa kimya, halafu ikaleta ukurasa ulio karibu mtupu. Maneno machache juu yake yalikuwa ya Kiingereza, nayo hakuyajua.

Anonciata aliporudi akamsomea: kilichoombwa hakipo.

"Nimewakosea nini?" Jovitha aliuliza. "Nimesalimu vizuri."

Anonciata hakucheka. "Hujamkosea mtu, mama. Humo hakuna mtu anayekusikiliza. Kisanduku hiki ni cha anwani. Kila ukurasa una anwani yake. Ukikosea herufi moja, hufiki."

"Na mimi sijui anwani ya yeyote."

"Ndiyo maana kuna ukurasa wa kutafutia. Humo unaandika maneno machache tu, yale yenye uzito. Salamu ziache. Shida yako ni nini?"

Jovitha akafikiri. "Mibuni inanyauka."

Anonciata aliyaandika maneno hayo kwa Kiingereza, kwa sababu kurasa za Kiswahili zilikuwa haba. Wakangoja. Alimwonya asibonyeze tena na tena, maana kila akibonyeza, kompyuta huanza safari upya. Hatimaye yakaja maneno ya bluu yaliyopigiwa mstari. Kila mstari ni mlango, alieleza: peleka kishale juu yake, bonyeza, na ukurasa mwingine utafunguka. Ukipotea, bonyeza alama ya kurudi nyuma, juu kushoto. Hakuna kitakachoharibika.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mbuni wa kijani kibichi. Anonciata akausoma: kuna dawa inayoponya magonjwa yote ya mimea, lipa kwanza, utatumiwa. Jovitha aliusogelea. Alitamani iwe kweli. Aliiona miti ya Protase ikichipua. Lakini kinywa chake kikauliza kile alichozoea kumwuliza kila mgeni aingiaye uani.

"Huyu ametoka wapi? Ni wa nyumba ya nani?"

Anonciata akasogea karibu na kioo. "Tumwulize, mama."

Wakaisoma anwani. Wakashuka hadi chini kabisa ya ukurasa. Hapakuwa na jina la mtu, wala mji, wala tarehe.

"Mgeni asiyetaja kwao," Jovitha alisema polepole, "simlazi ndani." Yeye mwenyewe akabonyeza alama ya kurudi.

Ukurasa wa pili ulitaja kwao: kituo cha utafiti wa kahawa upande wa Uganda, mji wake, majina ya watafiti na mwaka. Lakini maneno yake yalikuwa mazito. Dawa ya mnyauko hakuna. Ng'oa mti mgonjwa na mizizi yake, uuchome pale pale. Usiuburute shambani, usiufanye kuni. Panga lipitishe motoni kabla ya kugusa mti mwingine.

Jovitha aliikumbuka njia ya Rwegasira. Aliomba wasikie na shahidi mwingine. Wakafungua ukurasa wa watafiti wengine, nao ukasema hayo hayo. Anonciata akaiagiza kompyuta iihifadhi anwani ile, ili mkulima atakayefuata aifungue bila kutafuta.

Nyumbani Rwegasira alishangaa. "Unachoma kuni nzuri, shemeji? Kwa neno la mashine?"

"Waliosema wametaja kwao," Jovitha alijibu. "Na tazama mwenyewe pale ulipouburuta mti."

Rwegasira alitazama. Akachukua jembe. Wakang'oa mti mmoja mmoja, wakauchoma ulipokuwa umesimama, na kwa kila moto Jovitha alisali kama anayezika. Jioni upande wa chini ulibaki majivu matupu.

Msimu uliofuata, mibuni ya upande wa juu ilisimama, buni nyekundu zimelizunguka kaburi. Anonciata alikuja kutembea. Jovitha akamtandikia mkeka, akamletea kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna, kama apokelewavyo mgeni wa heshima. Kisha akaanza kumsalimu: yeye, mama yake, baba yake, wadogo zake, ng'ombe, mvua ya kwao, majirani. Anonciata akajibu salamu moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka zikaisha.