Kipunje Kilichoahirisha Harusi

— Kwa hiyo tunaahirisha tena?

— Miezi michache tu, mpenzi. Kipunje hakijatulia.

Hata kugeuka hakugeuka. Kipunje hicho ndicho mke mwenzangu, ingawa mimi mwenyewe bado sijaolewa. Ni tone la kioo, dogo kuliko chembe ya mchanga, limening'inizwa ndani ya mtungi usio na hewa. Mchumba wangu, ambaye kwetu anaitwa Profesa japo hajafika huko, amekuwa akilipima tangu tuchumbiane.

Alishanieleza kwa nini. Fizikia ya kwanta inasema kitu kidogo sana kinaweza kuwa hapa na pale kwa wakati mmoja. Kanuni ya mvutano inasema kila kitu huvuta vingine kutoka pale kilipo. Sasa kikiwa hapa na pale, kinavuta kutoka wapi? Ukiziunganisha kanuni hizo mbili, hesabu zinatoa upuuzi mtupu. Yeye anataka kupima aone, ila mvutano wa kipunje ni hafifu mno, mtetemo wowote unaufunika, na kipimo kinataka utulivu wa siku nzima. Akaapa kwamba jibu kwanza, harusi baadaye.

Nikamsomea ujumbe wa shangazi yangu, aliyenilea:

"Mwambie huyo kijana nguo zimeshashonwa. Akiahirisha tena, uchumba umekwisha. Nimechoka kuona aibu."

Alisugua macho. Akaanza hadithi zake, kwamba kila alasiri unaingia mtetemo, labda ni lifti, labda malori ya barabarani. Na mimi kila alasiri natoka kazini nakuja kukaa kwenye benchi la korido nje ya maabara yake kama mgonjwa anayesubiri dawa. Hasira zikanipanda, nikaanza kwenda huku na huku mlangoni pake.

Mstari wa kipimo kwenye skrini yake ukaruka.

Nikasimama. Ukatulia. Nikapiga hatua moja makusudi, ukaruka tena.

— Ni mimi.

Akaitikia kwa kichwa, wala hakushangaa.

— Umejua tangu lini?

— Muda mrefu.

— Na hukuniambia?

— Ningekuambia, usingekuja tena. Nashinda na mashine hizi kutwa nzima. Mstari ukiruka najua umefika.

Nilitaka kulia, nilitaka na kumzaba kibao. Kumbe nilikuwa nachelewesha harusi yangu kwa miguu yangu mwenyewe, na bwana harusi ananitazama kwenye skrini.

— Profesa, mimi huwa nafuata nini hapa?

— Kuniona.

— Tukioana nitakuonea wapi?

Miaka yote hiyo ya shule, na hilo halikumpitia kichwani.

— Nyumbani.

— Na koridoni atatembea nani?

Akachukua simu yake na kumpigia shangazi.

— Shikamoo, shangazi. Tarehe ni ileile, haibadiliki.

Nikamsikia shangazi akiuliza kama hatimaye amepata jibu la huo mvutano wake.

— Hapana, shangazi. Kanuni bado hazipatani. Nitaendelea nikishaoa.

Nikavua viatu, nikamfuata polepole hadi kitini pake. Mstari uliruka kidogo, lakini safari hii hakuutazama.