Saba na Mbili

Kabla hakujapambazuka, karata zilisikika zikigonga meza. Mama alizisikia akiwa kitandani: mbili, kimya, zikarudishwa, mbili tena, kimya.

"Hulali, baba?" alimuuliza mwanawe.

"Najifunza kutupa, mama."

Miezi kadhaa nyuma, mwanawe huyo, fundi saa, alikuwa amekutana na fundi cherehani katika duka la vifungo lililojaa watu. Wote wawili walishika pakiti moja ya vifungo vyekundu.

"Kaka, shati lako halijapungukiwa kitu," alisema fundi cherehani, dada mwenye gauni la kijani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Si vya shati. Ni vya kuchezea poka, badala ya pesa."

"Poka? Basi utarudi hapa kununua vingine."

Wakazoeana, wakapendana. Jumamosi moja mchana dada alikuja kucheza nyumbani kwa fundi saa na mama yake, pamoja na majirani wawili. Fundi saa alicheza kila karata mbili alizogawiwa, nzuri na mbovu. Dada alichungulia zake, akazitupa ili asicheze mzunguko huo, akaenda jikoni. Akarudi, akagawiwa, akatupa, akainuka tena. Vifungo vya fundi saa viliisha, lakini kilichomuuma ni kile kiti kitupu.

Jioni alimpigia dada simu.

"Kama kukaa na mimi kunakuchosha, sema tu."

"Nimetupa karata, mpenzi. Sijakutupa wewe."

"Anayependa kukaa hukaa."

Akakata. Wiki mbili hakupiga, na simu za dada hakupokea.

Ndipo siku iliyotangulia alfajiri ile ya karata mama alipochoka kumwona amenuna.

"Unajua alikuwa akifanya nini jikoni? Vidole vyangu vimekakamaa. Alinifunga vifungo vya sweta, akanimenyea viazi, zamu yake ikifika anarudi. Wala hakutaka shukrani."

Kwa hiyo alfajiri hiyo fundi saa alijigawia mara ishirini. Karata za kubaki nazo, kama wafalme wawili, au mfalme na ree, karata ya juu kabisa, zilikuja mara tatu tu. Kulipokucha akapiga simu.

"Nimejigawia mara ishirini. Mara kumi na saba zilikuwa za kutupwa."

"Hatimaye! Nilidhani saa zako zote zimesimama."

"Nisamehe, mpenzi. Utakuja leo?"

"Nitakuja. Ila usininunie tena."

Alikuja na gauni lilelile la kijani. Safari hii fundi saa ndiye aliyetupa na kuinuka kwenda jikoni kwa mama. Dada hakuondoka kitini hata mara moja. Fundi saa aliporudi, jirani mmoja alikuwa akizoa vifungo vya mwisho vya dada, akicheka. Mbele ya dada zililala karata zake, saba na mbili, zisizolingana kwa lolote.

"Hizo si ndizo mbovu kuliko zote?"

"Ndizo. Hutupwa na mtu anayetaka kushinda. Mimi leo nilitaka unikute nimekaa."

Fundi saa alivuta kiti chake karibu na cha dada.

Wakati wa kuagana mama aliwafuata mlangoni, sweta limepinda, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili.

"Huyu ndiye aliyenifunga," alisema akimwonyesha mwanawe, kisha akamgeukia dada. "Njoo tena kesho, mkwe wangu."