Pai na Lesi Iliyopungua

Niliyasikia bombani, nikiteka maji. Eti kuna namba inaitwa pai, haina mwisho. Eti mtoto mmoja aliifuata mpaka akaacha kula, akabaki anataja tarakimu tu. Mtoto huyo simjui. Hata aliyenisimulia hamjui. Lakini maneno yalinikaa kichwani, hayatoki.

Kesho yake binti yangu, Kidoti, alirudi kutoka shule akirukaruka.

"Mama, tumeanza pai!"

Nilimnyang'anya daftari, nikalifungia kabatini.

"Hesabu basi! Kesho hukanyagi darasa hilo."

Kidoti alilia kwa kwikwi.

Mimi ni fundi cherehani. Jirani yetu, fundi bati, alikuja kuulizia kitambaa cha meza yake ya duara. Akakuta kilio. Nilipomweleza, alicheka akishika mbavu.

"Shemeji, kila ndoo naikata kwa pai. Mbona akili ninazo?"

"Hilo bado tunalichunguza," mume wangu akadakia.

Fundi akaomba uzi na sahani. "Kidoti, zungusha uzi ukingoni. Kata unapokutana. Haya, upime huo uzi kwa upana wa sahani."

Kidoti alifuta machozi, akapima. "Mara moja. Mbili. Tatu. Kimebaki kipande!"

"Kipande hicho ni karibu sehemu moja ya saba ya upana. Sasa leta beseni."

Beseni: mara tatu na kipande. Kifuniko cha chupa: mara tatu na kipande. Tukapagawa! Tulipima ndoo, kigoda, sufuria. Kidoti akamvamia baba yake, akapima kichwa. Hesabu ikagoma.

"Hilo si duara," fundi alisema. "Hicho ni kiazi!"

Tulicheka sote. Kisha fundi akasema, "Hiyo tatu na kipande ndiyo pai. Tarakimu zake haziishi, ni kweli. Lakini mimi natumia mbili tatu za mwanzo, na ndoo haivuji."

Mimi nikaikumbuka lesi ninayoshona ukingoni mwa vitambaa vya duara. Miaka yote nimekata lesi mara tatu ya upana wa kitambaa. Kila mara inapungua. Pengo naliziba kwa ua, na wateja wanadhani ni mtindo.

Nilipowaambia, Kidoti aliruka. "Mama, kumbe maua yote yale ni pai!"

Nilifungua kabati, nikampa daftari lake. Tukakata lesi ya kitambaa cha fundi pamoja, yeye akipiga hesabu. Ikazunguka, ikakutana sawasawa.

Fundi akakigeuza kitambaa huku na huku. "Shemeji, na ua langu je?"

Asubuhi Kidoti alikuwa wa kwanza kufika darasani.

Mama wenzangu, epukeni haya:

Usimtoe mtoto kwenye somo kwa habari usiyoijua.
Usikate lesi ya duara mara tatu kamili. Itapungua.
Usipime upana pembeni. Pita katikati.
Usitumie uzi unaovutika.
Usione haya kumwambia mwanao, "Nifundishe."