Kijiti cha Udi Mbele ya Meko

Haya yalimpata Maree Tilyard, rafiki yangu wa Geeveston, na aliyaeleza mara moja tu.

Baba yake alikuwa atoke hospitali Ijumaa, mapafu yakiwa yamechoka, na daktari alisisitiza chumba chake kiwe na joto. Julai, katikati ya majira ya baridi huko kwao, ilikuwa imeshaingia. Maree akamwita fundi wa majiko, Col Dransfield, amchagulie jiko la kuni.

"Usiniambie unataka lile kubwa," Col alisema. "Kila mtu anataka kubwa. Litafuka tu na kujaza masizi kwenye bomba. Kwanza tujue hii nyumba kongwe inavujisha hewa wapi."

Akawasha kijiti cha udi, akakipitisha madirishani. Moshi ukayumba kila mahali.

"Hii si nyumba, dada, ni chujio."

Katika chumba cha baba kulikuwa na meko ya zamani yaliyozibwa kwa mbao. Hapo moshi ulivutwa ndani ya ufa, kisha ukasukumwa nje. Ukaingia tena, ukatoka tena, polepole, kwa sauti ya chini kama ya mtu aliyelala.

"Ni upepo wa dohani," Maree alisema.

Col alikuwa amepanda paani asubuhi ile. "Dohani imezibwa kwa saruji, Maree."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua la majira ya baridi limeshazama, na giza limeshajaa chumbani. Col akainamia ufa.

"Nani yumo humo?" aliuliza, nusu mzaha.

Sauti ikakoma. Moshi ukasimama hewani.

Halafu ukavutwa ndani wote kwa mkupuo mmoja mrefu, kama mtu anayejaza pumzi kabla ya kujibu.