Fatiha Kabla ya Msiba

Jumanne ya kwanza ya Machi, saa nne asubuhi, ofisi ya Naibu Waziri wa Barabara mjini Islamabad ilinuka kafuri, kama chumba cha kuoshea maiti. Mhudumu alifungua madirisha. Harufu ikabaki.

Nazar Kalru, mbunge kutoka jangwa la Thal, alikuwa na miezi minne katika wadhifa huo. Alikuwa na gari lenye bendera na walinzi wawili. Faili hakuwa nalo hata moja. Yote yalikwenda kwa Katibu Mkuu.

"Mheshimiwa, ramani ya barabara ya Thal imeshapita," Katibu Mkuu alimwambia asubuhi hiyo, kama alivyokwisha kumwambia mara nyingi. "Wewe utakuja kukata utepe."

"Nataka ipindishwe kidogo tu."

"Kwa ajili ya nani? Pale pana mchanga na mti mmoja."

Nazar alikuwa ametoa ahadi, na aliowaahidi hawakuwa watu wa kutajwa ofisini.

Huko Thal, mgombea asiyekwenda matangani hachaguliwi. Wakati wa kampeni Nazar alizunguka misibani kila siku, mingine ya watu asiowajua. Alasiri moja aliona mkeka umetandikwa chini ya mti, na wazee wenye nguo nyeupe wamekaa kimya. Akasimamisha gari, akavua viatu, akaketi, akainua mikono na kusoma Fatiha.

"Hapa hajafa mtu, Sain," mzee mmoja alisema alipomaliza, akimwita bwana kwa lugha ya kwao.

Kuficha aibu, akawauliza shida yao. Wakasema barabara isipite pale. Wana watoto.

"Hesabuni kazi hiyo imekwisha," Nazar alijibu, kama alivyojibu kila mahali.

Dereva wake, Wasaya, hakusema neno mpaka mambo yalipoharibika. "Ulikaa peke yako mchangani, Sain. Nilidhani unaombea kura."

Mambo yaliharibika siku matingatinga yalipofika Thal. Kwanza ilikuwa harufu. Kisha ikaja sauti ya kizee, yenye adabu, ikimuuliza kwenye simu iliyokwisha kukatika, ikimuuliza bafuni maji yakitiririka, ikimuuliza bungeni aliposimama kujibu swali kuhusu madaraja huku wenzake wakigonga meza kumzomea: "Sain, ile kazi yetu imefikia wapi?"

Akamwendea Hafiz Jindwadda, mtoa majini wa mji wa Layyah. Hafiz alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakugusa uzi wala maji ya kufukuzia.

"Niwafukuze kwa kosa gani?" alisema. "Hawa ni watu wa jimbo lako kama wengine. Tofauti yao ni kwamba hawasahau. Pindisha barabara."

"Mimi ni naibu waziri, Hafiz."

"Basi waeleze."

"Nimewaeleza. Hawajui naibu ni nini."

Hafiz alitaka kucheka, akaacha.

Nazar alimwandikia waziri wake, hakujibiwa. Alikwenda kumsubiri mlangoni, akaambiwa yuko safarini. Jumatatu iliyofuata mti uling'olewa. Kuanzia hapo harufu ikatoweka, na sauti haikusikika tena. Kwa mara ya kwanza tangu matingatinga yafike, Nazar alimaliza sahani yake ya wali.

Alhamisi, akiwa njiani kwenda nyumbani, mkewe Sughra alimpigia simu. Aliongea kwa kunong'ona.

"Barazani kumejaa wageni. Wametandika mkeka wenyewe. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi njoo uwaambie."

Alipofika, viatu vilikuwa vimepangwa kutoka mlangoni hadi langoni, vimejaa mchanga, na ndani wazee waliketi mabega yakigusana, nyuma yao wanawake, na katikati yao mapengo madogo madogo hapa na pale, kama nafasi walizokuwa wakikaa watoto, na wote wakainua mikono kwa pamoja wakasoma bila kumwangalia mpaka walipomaliza.

"Hapa hajafa mtu," Nazar alisema.

"Hata kwetu hakuwa amekufa mtu siku ile," mzee alijibu. "Ulitutangulia. Matanga hulipwa, Sain."

Wasaya, aliyesimama mlangoni, aliona mkeka mtupu na mwajiri wake amepiga magoti.

Nazar Kalru alikutwa amekufa Ijumaa asubuhi. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Waombolezaji walipofika, hakuna aliyehitaji kutandika mkeka.

Mdogo wake, Zawar, alirithi kiti katika uchaguzi mdogo. Barabara ilifunguliwa Novemba, naye akakata utepe. Wakiwa njiani kurudi, alimwambia Wasaya asimamishe gari: kando ya lami kulikuwa na watu wana msiba.

Wasaya hakuona mtu. Alikanyaga mafuta.