Kila Tangi na Jagi Lake

Asubuhi hiyo tangi la tatu nalo lilikuwa limepauka. Jana maji yake yalikuwa ya kijani. Leo hayana rangi, na utelezi wa kijivu umelala chini. Mke alisimama na ndoo mkononi, damu ikimchemka.

Familia hii ilifuga chaza. Chaza wachanga hula vijimea vya baharini, vidogo mno hata havionekani mpaka viwe mamilioni na maji yageuke kijani. Vijimea hivyo walivikuza wenyewe, katika matangi manne nyuma ya nyumba. Sasa lilibaki moja. Likifa hilo, chaza watakufa njaa, na jasho la mwaka mzima litapotea bure.

Mume alijua dawa moja tu: mbolea. Tangi likipauka, anaongeza mbolea. Likizidi kupauka, anachota jagi la maji kwenye tangi zima na kulimiminia lile gonjwa, ati liamke. Kisha jagi lile lile linarudi kuchota kwenye tangi zima. Mke alisema mpaka akachoka. Mwishowe akampigia simu wifi yake, anayefanya kazi katika maabara ya bahari.

Wifi alikuja na hadubini, akatazama tone la maji, akaona vijimea vimepasuka, akashusha pumzi.

"Kaka, hivi havina njaa. Vinaumwa. Vimeingiwa na virusi."

Kaka mtu akacheka. Yeye alijua virusi vya mafua. Vijimea navyo vinapiga chafya?

"Wewe cheka tu," wifi alisema. "Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Kinanata kwenye kijimea, kinaingia, kinakigeuza kijimea kiwe kiwanda cha virusi. Vikijaa, kijimea kinapasuka na kufa. Virusi vipya vinatoka kwa wingi kutafuta vijimea vingine."

Mke aliuliza kuhusu watoto wake, maana hawaishi kuchezea maji yale. Wifi akamtoa hofu: virusi hivi havidhuru watu wala chaza. Hata baharini vipo, na hupunguza vijimea vinapozidi. Tatizo ni kwamba maji yale yaliyoonekana safi ndiyo yaliyojaa virusi, na jagi ndilo lililovisafirisha.

"Na hili la nne?" mume aliuliza.

"Ulilichovya jagi humo?"

Mume akatazama pembeni.

"Basi virusi vimo tayari. Tia klorini iviue, umwage."

Mume akagoma. Tangi bado kijani, limwagwe kwa nini? Akamgeukia mkewe amtetee. Mke alichukua klorini akamimina mwenyewe, na mume akaenda kukaa nje amenuna.

Wifi alileta chupa za vijimea vizima za kuwavusha chaza, na mbegu safi za aina mbili, ili aina moja ikiugua nyingine ibaki. Matangi yalisuguliwa na kuanikwa juani. Maji mapya yalichujwa na kuchemshwa. Kila tangi likapewa jagi lake.

Kijani kikarudi. Chaza wakashiba, magamba yao yakaanza kukomaa.

Siku moja mume aliona tangi la pili limefifia kidogo. Akachukua jagi la tangi la kwanza. Kugeuka, mkewe yuko mlangoni, amemkazia macho.

"Nilikuwa naliosha," mume alisema, akalirudisha mahali pake.